Kazi ya uhasibu ya saa chache kwa mzazi mwenye watoto wadogo: jinsi ya kuitafuta na kuipanga

Mhasibu anayetafuta kazi ya saa chache nchini Tanzania hukutana kwanza na tatizo la maneno. Tangazo linaposema "kazi ya muda", mara nyingi lina maana ya mkataba wa miezi mitatu au sita unaomtaka mtu awe ofisini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku zote za kazi. Halina maana ya nusu siku. Nafasi za nusu siku ni nadra kutangazwa, ingawa kazi yenyewe ipo kwa wingi. Mwenye duka la dawa, mwenye shule ya chekechea au mwenye malori mawili ya kusafirisha mchanga hajui kwamba anachokihitaji kina jina. Anachojua ni kwamba kila inapokaribia tarehe 20 ya mwezi anaanza kupekua droo akitafuta risiti, na kwamba hana uwezo wa kumlipa mhasibu wa kudumu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mama au baba mwenye elimu ya uhasibu, mwenye mtoto mmoja au zaidi ambaye hajaanza darasa la kwanza, na anayeishi mjini Tanzania Bara. Umejengwa juu ya jambo moja: kazi ya vitabu vya biashara ndogo huongozwa zaidi na tarehe za mwezi kuliko saa za siku, na mzazi wa mtoto mdogo anaweza kuahidi tarehe kwa uhakika mkubwa kuliko anavyoweza kuahidi saa. Hakuna mzazi anayeweza kuapa kwamba Jumanne saa nne asubuhi atakuwa mezani, lakini anaweza kuahidi kwamba ritani, yaani taarifa ya kodi inayopelekwa serikalini, itakuwa tayari siku tatu kabla ya mwisho wake na akaitimiza ahadi hiyo miezi 12 mfululizo.

Ijue kwanza kalenda ya mwezi

Kabla ya kuandika barua yoyote ya maombi, chukua karatasi uchore mwezi mzima. Ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, mwajiri anatakiwa awe amewasilisha kodi ya mishahara, yaani PAYE, pamoja na tozo ya ufundi stadi ambayo wengi huiita SDL kama ana wafanyakazi 10 au zaidi. Kufikia tarehe 20, aliyesajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, anatakiwa awe amewasilisha ritani ya mwezi uliotangulia na kulipa. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, ina nafasi zaidi kwa kuwa hupewa mwezi mzima baada ya mwezi unaohusika. Juu ya hapo kuna kodi ya mapato ya makadirio, ambayo kwa mwenye mwaka wa hesabu unaokwisha Desemba hulipwa kwa awamu nne, kufikia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwisho ya mwaka hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, maana yake tarehe 30 Juni.

Ukizitazama tarehe hizo utaona kwamba mwezi una milima miwili na bonde moja. Mlima wa kwanza ni wiki ya mishahara, wa pili ni siku nane au tisa kabla ya tarehe 20, na bonde ni siku zinazofuata hadi mwezi unapokatika. Mhasibu aliyeajiriwa siku nzima haoni tofauti hiyo sana kwa sababu hukaa ofisini hata siku za bonde. Wewe unaweza kuliacha bonde liwe la watoto, la kliniki, la kusafiri kwenda kumsalimia bibi, na la kutafuta wateja wapya, mradi milima uwe umeipangia mtu wa kukaa na watoto.

Kosa nililolifanya mimi mwaka wangu wa kwanza lilikuwa kuchukua wateja watatu wanaofanana. Wote walikuwa na maduka, wote walikuwa wamesajiliwa kwenye VAT, na mmoja wao alikuwa na desturi ya kuleta mfuko wa risiti jioni ya tarehe 19. Mwezi mmoja mfuko ulifika siku ambayo mtoto wangu alikuwa na homa, na ritani ikachelewa. Adhabu ilitoka kwa jina la mteja, na kazi nikaipoteza, wala simlaumu. Tangu hapo huwa naandika kwenye mkataba kwamba nyaraka zinifikie kabla ya tarehe 8, na kwamba zikifika baada ya tarehe 12 mteja ndiye anayebeba adhabu ya kuchelewa. Pia nachanganya wateja: mmoja wa mishahara, mmoja wa VAT, na mmoja ambaye hana VAT kabisa, kwa mfano shirika dogo lisilo la kiserikali au kanisa, ambaye taarifa yake hutakiwa mara moja kwa robo mwaka. Wateja watatu wa namna hiyo wanabebeka kwa saa 10 hadi 15 za wiki, ilhali watatu wenye mlima mmoja watakuangusha hata kama jumla ya saa zao ni ndogo.

Kabla ya kuacha kazi uliyo nayo

Ikiwa bado umeajiriwa, anza hapo hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha muda wa kufanya hivyo wakati wa kazi, usiozidi saa mbili kwa siku. Watu wengi hawazidai saa hizo mbili, au huzitumia kwa kutoka mapema bila kuandikiana na yeyote, kisha zinakuwa chanzo cha manung'uniko. Ziombe kwa barua.

Sheria haimlazimishi mwajiri kukupa nusu siku baada ya hapo, kwa hiyo utakachokipata kitategemea jinsi utakavyokieleza. Usiende kwa meneja wa fedha na ombi la huruma. Nenda na orodha ya kazi. Zipo kazi za idara ya uhasibu zinazoweza kufanyika popote: usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki), kuandaa orodha ya mishahara, kupitia leja ya wadai, kuandaa ratiba za uchakavu wa mali, kutengeneza rasimu ya taarifa ya mwezi. Zipo zisizoweza: kushika kasha la fedha ndogo ndogo, kutia saini hundi, kuhesabu bidhaa stoo, kukaa na wakaguzi. Pendekeza uchukue za kundi la kwanza kutoka kwa wenzako wawili au watatu, nao wachukue zako za kundi la pili, na uombe majaribio ya miezi mitatu. Mwajiri hukubali majaribio kwa urahisi zaidi kuliko mabadiliko ya kudumu.

Jihadhari na mtego mmoja ambao nimeuona ukiwanasa wengi: mshahara unapunguzwa kwa nusu, lakini majukumu yanabaki yale yale, na mtu anajikuta akimaliza usiku kazi ya siku nzima kwa malipo ya nusu siku. Majukumu mapya yaandikwe na yatiwe saini, pamoja na idadi ya saa, siku za kufika ofisini, likizo na michango ya NSSF, ambayo mwajiri anaendelea kuwajibika nayo maadamu wewe bado ni mwajiriwa.

Wapi pa kutafuta

Ukishaamua kutafuta nje, acha kwanza kuperuzi matangazo ya ajira. Kwa kazi ya aina hii njia ya miguu na ya kujulikana inashinda.

Shule binafsi ndogo na vituo vya kulelea watoto ndivyo ningevianza navyo. Vina miamala mingi ya karo ambayo huingia kwa benki na kwa simu, vina walimu wa kulipwa kila mwezi, na mara nyingi mwenye shule mwenyewe ndiye anayeandika stakabadhi. Kazi kubwa ni kulinganisha malipo yaliyoingia na orodha ya wanafunzi, na kazi hiyo haihitaji uwe pale. Kuna wazazi wahasibu waliokubaliana na shule kwamba sehemu ya malipo iwe nafasi ya mtoto wao darasani. Mpango huo ni mzuri ukiandikwa kwa thamani ya shilingi, kwa sababu siku mnapoachana ni lazima ijulikane nani anamdai nani, na kwa sababu malipo ya namna hiyo nayo ni mapato.

Kampuni ndogo za ukaguzi wa hesabu zina uhitaji wa aina nyingine. Tangu Januari hadi Juni huelemewa na kazi za wateja waliofunga mwaka Desemba, na huhitaji watu wa kukagua hati za malipo, kuandaa majedwali na kupanga mafaili. Wengi hawatakuuliza unaifanya saa ngapi, mradi faili lirudi limekamilika. Faida kubwa hapa ni kwamba unafanya kazi chini ya mtu mwenye leseni, unajifunza, na miezi sita ya mwaka unabaki huru. Hasara ni kwamba Machi hadi Juni utabanwa kweli kweli, na kama mtoto wako ni wa kunyonya ningeshauri msimu wa kwanza uuache upite.

Mlango mwingine ambao watu huusahau ni mawakili na wasajili wa kampuni. Mtu anapomaliza kusajili kampuni kwa wakala wa usajili, BRELA, na kupata namba ya mlipakodi, swali lake linalofuata ni nani atamshikia vitabu, na wa kwanza kumuuliza ni yule aliyemsajilia kampuni. Wauzaji wa mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, huulizwa swali hilo hilo. Ukijulikana kwa mawakili wawili na fundi mmoja wa mashine hizo, utapata wateja wapya kabisa ambao vitabu vyao havijavurugika, na mwenye kupokea vitabu safi tangu mwezi wa kwanza anafanya kwa saa nne kazi ambayo kwa vitabu vilivyovurugika ingechukua siku mbili.

SACCOS (vyama vya kuweka na kukopa) za kazini na za mtaani, maduka ya vifaa vya ujenzi, zahanati binafsi na wasimamizi wa nyumba za kupangisha nao wana kazi, ila SACCOS huhitaji mtu anayezifahamu kanuni za ushirika, na duka la vifaa vya ujenzi huhitaji mtu anayeweza kufika kuhesabu bidhaa. Yapime hayo kabla ya kukubali.

Unapokwenda kujitambulisha, nenda kati ya tarehe 22 na 28, asubuhi baada ya pilikapilika za kufungua. Ukienda tarehe 17 utamkuta mtu ana joto la VAT na hatakusikiliza. Ukienda baada ya tarehe 20, ndiyo kwanza ametoka kwenye joto hilo na bado analikumbuka. Usianze kwa kueleza vyeti vyako wala kwamba una watoto. Anza kwa kuuliza mwezi huu ritani imewasilishwa lini na nani ameiandaa. Ukipata namba ya simu, ujumbe wa kufuatilia uwe mfupi na wa heshima, kwa mfano:

"Habari za kazi, Mkurugenzi. Ni yule mhasibu tuliyeongea jana dukani. Kama tulivyozungumza, naweza kupokea risiti na taarifa za benki kila tarehe 8, kukuletea rasimu ya ritani ya VAT tarehe 15 uipitie, na taarifa ya mauzo na matumizi tarehe 25. Nikipata nyaraka za mwezi mmoja tu nitakuonyesha mfano kabla hatujakubaliana malipo. Ahsante."

Ahadi ya tarehe tatu kama hiyo inamweleza mteja yote anayohitaji kujua kuhusu upatikanaji wako. Suala la watoto ulitaje baadaye, kwa ufupi na bila kuomba radhi, pale mnapokubaliana saa za kupigiana simu. Tegemea pia kwamba wafanyabiashara wengi huona vigumu kumwonyesha mtu mgeni mauzo yao halisi. Ndiyo maana kupendekezwa na mtu wanayemwamini kuna uzito kuliko wasifu wa kurasa nne, na ndiyo maana mteja wa kwanza aliyeridhika mtaani huleta wa pili.

Mipaka ya sifa ulizo nazo

Uhasibu nchini unasimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria namba 33 ya mwaka 1972. Jiandikishe katika daraja linalolingana na elimu yako, hata kama ni la fundi sanifu au mhasibu mhitimu, na ulipie ada za mwaka hata miaka ambayo hufanyi kazi nyingi, kwa sababu kurejea baada ya kulimbikiza madeni ya ada na ya mafunzo endelevu ni usumbufu usio na lazima.

Kuandika vitabu, kuandaa mizania ya rasimu na kuandaa mishahara ni kazi ambazo mteja anaweza kukupa. Kutia saini ripoti ya ukaguzi, au kuthibitisha ritani ya mwaka ya kampuni, ni kazi ya CPA, yaani mhasibu mwenye cheti cha juu cha Bodi, aliyesajiliwa kufanya kazi kwa umma, na kumwakilisha mteja mbele ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kama mshauri wa kodi kunahitaji usajili wake. Mweleze mteja mpaka huu siku ya kwanza. Utafute ofisi moja yenye leseni ambayo utaipelekea hesabu zilizoandaliwa vizuri kila mwaka. Ofisi hizo huthamini sana mtu anayeleta faili lenye urari uliokaa sawa na viambatisho vyote, nazo huanza kukurudishia kazi.

Kama hujamaliza CPA, miaka hii ya watoto wadogo si lazima iwe miaka ya kusimama. Mitihani ya Bodi hufanyika Mei na Novemba. Kwa mtu mwenye wateja wanaofunga mwaka Desemba, awamu ya Mei hugongana na msimu wa ritani za mwaka, ilhali Novemba ni mwezi mtulivu. Masomo mawili kila Novemba ni mwendo wa pole, lakini nimewaona watu wakiimaliza safari kwa mwendo huo.

Bei, mkataba na fedha za watu

Wahasibu wengi wa majumbani hujipunja kwa sababu hukadiria bei kwa kumtazama mteja usoni. Fanya hesabu. Wiki ya kazi ya saa 45 ni sawa na saa 195 kwa mwezi. Tuseme kazi yako ya mwisho ilikulipa shilingi 900,000. Ukigawa kwa 195 unapata kama shilingi 4,600 kwa saa. Sasa ongeza nusu yake, kwa sababu kompyuta, vifurushi vya intaneti, umeme, siku za kuugua na mchango wa NSSF, ambao mtu aliyejiajiri anaweza kuuchangia mwenyewe kwa hiari, vyote vinatoka mfukoni mwako. Unafika karibu shilingi 6,900 kwa saa. Mteja atakayechukua saa 12 za mwezi basi asipungue shilingi 83,000. Takwimu hizi ni mfano wa hesabu tu, nawe utaweka zako. Hesabu hiyo ni yako peke yako. Mteja mtajie bei ya mwezi kwa kazi zilizoorodheshwa, kwa maana ukimtajia bei ya saa ataanza kukuuliza kwa nini leo umetumia saa tatu, na siku utakayofanya haraka utalipwa kidogo kwa sababu ya ustadi wako.

Mkataba usizidi kurasa mbili, lakini useme kazi gani zimo na zipi hazimo, tarehe za kupokea na kurudisha, bei, siku ya kulipwa, na notisi ya kuachana. Useme pia kwamba usuluhishi wa miezi ya nyuma una bei yake. Mteja mpya karibu kila mara ana mwaka mmoja au miwili ambayo haikuandikwa, na akipata nafasi ataisukumia ndani ya bei ya mwezi.

Juu ya kodi zako mwenyewe, kampuni au shirika linapokulipa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, nawe dai hati yake kila mara kwa kuwa itahesabiwa katika kodi yako ya mwaka. Watoa huduma za kitaalamu wanatazamwa na sheria ya VAT na ya kodi ya mapato tofauti na wenye maduka, kwa hiyo usichukulie kwamba kiwango cha mauzo kinachomsamehe muuza duka kusajiliwa kitakusamehe na wewe. Nenda ofisi ya TRA ya wilaya yako ukapate jibu kabla ya kutoa ankara ya kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo kwangu hayana mjadala. Kwanza, fedha za kodi za mteja zisipite kwenye simu yako. Ritani ikishawasilishwa, kumbukumbu namba ya malipo hutolewa. Mpelekee mteja, alipe mwenyewe. Atakuomba umsaidie kwa sababu yuko safarini, atakuambia anakuamini, na siku mtandao utakapokwama fedha ikiwa kwako utakuwa umejitia katika matatizo ambayo mkataba hautakuokoa nayo. Pili, nyaraka zihesabiwe zinapoingia nyumbani kwako na zinapotoka, kwa orodha yenye saini mbili. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano, na mwenye jukumu hilo ni mteja; usigeuze chumba chako kuwa ghala lake. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia, hasa ikikaa karibu na dirisha, hivyo zipige picha siku ile ile zinapofika. Orodha za mishahara nazo zina taarifa binafsi za watu, zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022, kwa hiyo kompyuta iwe na nywila na isiwe ndiyo hiyo hiyo ya kuangalizia katuni.

Watoto na saa zao

Mpango wa mtoto wa miezi minne hautafaa akiwa na miezi kumi na minne. Mtoto anayenyonya hulala mara nyingi kwa vipande vifupi, na vipande hivyo vinatosha kazi za kuingiza risiti, kupanga mafaili na kujibu ujumbe, lakini havitoshi usuluhishi wa benki, ambao ukikatizwa unaanza upya. Mtoto anayetambaa na kutembea ndiye mgumu kuliko wote: halali sana, anafika kila mahali, na anapenda karatasi. Nilishawahi kuwasilisha kwa mteja daftari la stakabadhi lililochorwa kwa kalamu nyekundu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa tisa. Alicheka, lakini tangu siku hiyo nyaraka zinakaa kwenye kabati lenye ufunguo. Kwa umri huo lipa mtu, hata kama ni asubuhi tatu tu za wiki ya mlima, na gharama hiyo iingie kwenye bei yako. Mtoto anapoanza darasa la awali, unapata karibu asubuhi nzima, na hapo ndipo unaweza kuongeza mteja.

Kwa dada anayekusaidia nyumbani, mweleze wazi kwamba ukiwa mezani uko kazini. Wengi huona mtu aliyeketi na kompyuta kuwa yuko nyumbani tu, na mgeni akibisha, au gesi ikiisha, unaitwa. Ni hivyo hivyo kwa shemeji na majirani. Kufunga mlango ndiyo lugha inayoeleweka haraka, na kama nyumba haina chumba cha kufunga, saa mbili za asubuhi kwenye meza ya ofisi ya rafiki, au hata kwa mteja mwenyewe, zinazaa kuliko saa tano za sebuleni.

Kazi ya usiku ina nafasi yake, lakini iwekee kikomo. Mimi sifanyi usuluhishi wala sitoi namba yoyote kwa mteja baada ya saa nne usiku, kwa sababu makosa yangu mengi ya kubadilisha tarakimu, 5,400 kuwa 4,500, yalizaliwa saa hizo. Kuna wanaopata wateja wa nje kupitia mtandao, wanaotunza vitabu kwa programu za uhasibu kama QuickBooks au Xero, na saa za usiku zinawafaa kwa kuwa saa mbili usiku Dar es Salaam ni mchana New York. Malipo yanaweza kuwa mazuri, ila kodi na kanuni za huko ni somo jipya, na mteja wa mbali hatakuelewa umeme ukikatika. Ningeiacha hadi mtoto alale usiku kucha.

Namna ya kuanza

Chukua mteja mmoja, mmoja tu, na uvuke naye tarehe 7 na tarehe 20 mara mbili. Andika kila siku umetumia dakika ngapi na kwa kazi ipi, kwa sababu makadirio yako ya mwanzo yatakuwa madogo kuliko ukweli, pengine kwa nusu. Mwezi wa pili ukiisha utajua mteja wa namna hiyo anakula saa ngapi, risiti zake zinafika lini hasa, na nyumbani kwako ni siku zipi zinavunjika. Mtoto akiugua wiki ya VAT kabla hujawa na mteja wa pili, bado utaweza kukesha ukamaliza. Mteja wa pili mtafute kuanzia tarehe 22 ya mwezi wako wa tatu wa kazi, na uchague yule ambaye siku zake nzito hazigongani na za huyu wa kwanza.